Karavati la Makosa

Juu ya tuta, 4 Aprili

Fundi wangu,

Kabla hujauliza: mzima, nakula, viatu vimekauka. Sasa uliza mengine.

Najua umesikia kwamba treni imezama. Haijazama. Ipo juu ya reli kama kawaida yake, ila reli yenyewe haina mbele wala nyuma. Nilikuwa narudi na mabehewa matatu matupu. Mvua ilikuwa imeshakatika na jua limetoka, nikaona mbele maji yanapita juu ya reli, nikafunga breki. Nilipotaka kurudi kinyumenyume, msaidizi wangu akachungulia dirishani akasema, "Mama, nyuma hakuna tuta." Nikadhani ni utani wake. Nikachungulia na mimi. Reli zilikuwa zinaning'inia hewani pamoja na mataruma yake ya mbao kama kamba ya kuanikia nguo, na maji yanapita chini yake kwa raha zake. Tukiwa bado tunashangaa hilo, na mbele nako kukaenda. Kwa hiyo niko kisiwani: kichwa cha treni, mabehewa, na kipande cha tuta ambacho ukikitembea mwisho hadi mwisho jasho halikutoki.

Msaidizi ameshavuka kwa boti. Mkewe anakaribia kujifungua, sikuwa na moyo wa kumzuia. Mimi karakana imeniagiza nibaki na injini, niiwashe mara kwa mara betri zisife. Mnara wa simu ulianguka, ndiyo maana unapata karatasi. Mvushaji wa boti anazipeleka barua ng'ambo, na kiberenge cha mafundi reli kinazifikisha mjini.

Shangazi anakusalimu. (Kwa fundi reli atakayeifungua barua hii bila kuombwa: Shangazi ni kichwa cha treni. Tulimpa jina hilo kwa sababu haanzi safari kabla ya kulalamika.)

Sasa linaloninyima utulivu. Tuta limevunjika mbele, limevunjika nyuma, hapa katikati halikutikisika. Udongo ni uleule, kokoto ni zilezile, waliojenga ni walewale. Kwa nini? Kila anayepita na boti ana jibu moja, kwamba uzito wa Shangazi ndio ulioshikilia tuta. Mimi nimekalia uzito huo miaka mingi na siamini. Wewe unayeshinda na maji unasemaje?

Nyumba iko salama? Nijibu hilo kwanza, kisha tuta.

Mkeo,
Dereva


Nyumbani, 9 Aprili

Dereva wangu,

Barua imefika na alama ya dole gumba la mafuta kwenye bahasha, nikajua mwenyewe yu mzima hata kabla sijafungua.

Nyumba iko salama. Maji yalifika kwenye ngazi ya mlango, yakachungulia ndani, yakaona hakuna cha maana, yakarudi. Siku hizi nalala kwenye banda langu la kazi, si kwa jambo lolote, kazi tu zimekuwa nyingi. Mafuriko ni msiba kwa wengine, kwa fundi bomba ni msimu. Wifi yako anakusalimu. Bado yuko kantini ya karakana yenu, bado anafuga bata nyuma ya ukuta wetu, na bado anaamini kwamba mimi mdogo wake siwezi kula bila kusimamiwa.

Haya, tuta. Uzito, uzito, kila mtu uzito. Nimebadilisha mabomba ya nusu ya mtaa huu na sijaona hata moja lililopasuka kwa kuwa jepesi. Bomba hupasuka pale maji yanapotaka kupita yakanyimwa. Yakipewa njia, hata bomba lililoliwa na kutu linamzika aliyelifunga. Kwa hiyo usiniulize ni nini kilichoshika tuta. Jiulize maji ya hapo ulipo yalikwenda wapi.

Fanya hivi. Mafuriko huacha mstari wa tope. Tembea upande wa milimani, tazama mstari ulipofika kwenye mapengo, kisha tazama ulipofika hapo chini yako. Ikiwa ni sawa, mimi sijui kitu na Shangazi apewe nishani. Ikiwa ni tofauti, kuna mahali maji yanatorokea.

Na unalala wapi? Kile kibanda cha dereva nilikiona mara moja, kina nafasi ya kusimama na kujuta. Watakuruhusu lini urudi?

Mumeo,
Fundi

Wifi yako anasema ule mboga.


Juu ya tuta, 15 Aprili

Fundi,

Ni tofauti! Kwenye mapengo yote mawili tope limepanda hadi kwenye mataruma. Hapa kwa Shangazi limeishia chini, nikisimama mguuni pa tuta linanifikia kifuani. Nimelipima kwa mwili wangu mwenyewe na nguo zimekoma. Kuna mahali maji yalikuwa yanatorokea.

Nadhani napajua, na nacheka kila nikipafikiria. Nilipoanza kazi, wazee wa reli walikuwa na msemo. Mtu akifanya jambo lisilo na faida wanamwambia, "Wewe ni karavati la Makosa." Karavati ni lile tundu la mawe wanalojenga chini ya tuta ili kijito kipite. Basi inasemekana njia hii ilipojengwa, msimamizi alipewa mchoro unaosema karavati likae idadi fulani ya nguzo kutoka stesheni, naye akaanza kuhesabu kutoka stesheni ya upande mwingine. Akajenga karavati zuri, na tao lake la mawe ya kuchonga, mahali ambapo hakuna mto, hakuna kijito, hakuna hata chura. Walipogundua, kulibomoa kukawa kazi kuliko kulijenga. Wakaliacha. Kila anayejifunza kazi ya reli husimuliwa habari hizo acheke, na hakuna anayejua liko wapi hasa, maana hakuna aliyewahi kuwa na sababu ya kulitafuta.

Kuna mama mmoja hapa ana mbuzi. Asubuhi namwona upande wa milimani, jioni namwona upande wa bondeni, na sijawahi kumwona yeye wala mbuzi wakipanda tuta. Nikamuuliza, "Mbuzi wako wanapitia wapi?"

"Mlangoni."

"Mlango gani?"

"Wa mbuzi."

Hana maneno mengi. Akanionyesha kichaka chini ya behewa la pili. Nyuma ya kichaka kuna tao. Nusu yake imejaa tope, nusu nyingine ina maji ya kufika magotini mwa mbuzi, nayo yametulia kama ya mtungini. Sioni yakisogea. Sasa mbuzi anaweza kupita mahali ambapo mafuriko hayapiti. Nitajuaje?

Si udadisi mtupu, Fundi. Mvushaji amesikia ng'ambo kwamba wakubwa wanapima kama njia hii ijengwe tena au ifungwe. Wakiamini ni uzito, watataka tuta zito zaidi na refu zaidi, watashindwa, watafunga. Na njia ikifungwa, Shangazi hana pa kupita. Atakatwa vipande hapahapa na kuuzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Nataka kujua kwa nini alisimama kabla hawajaja.

Nalala vizuri, nafasi inatosha hata kujigeuza. Kuhusu kurudi, karakana bado hawajatoa neno.

Mkeo,
Dereva


Nyumbani, 21 Aprili

Dereva wangu,

Nimesoma habari za karavati nikiwa chini ya sinki la watu. Mwenye nyumba akadhani nimeumia, kumbe nacheka.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Nawaheshimu, ila nadhani hakukuwa na fundi bomba kati yao.

Kwenye kifurushi hiki kuna paketi za buluu ya kufulia. Usifue. Sisi tukitaka kujua maji ya kwenye ukuta yanatoka choo kipi, tunamwaga rangi huku tunasubiri kule. Nenda upande wa milimani, na usimwage mdomoni mwa tundu, maana hapo utajidanganya. Sogea mbali, karibu kabisa na pengo la nyuma. Kama tundu lako ni mlango wa mbuzi tu, buluu itapita pengoni, maana pengo ni pana na liko karibu. Kama eneo zima linainamia kwa Shangazi, itaachana na pengo itakuja kwako. Kisha kaa upande wa bondeni na usisinzie. Bakiza paketi chache, mkubwa yeyote akija atataka kuona kwa macho yake.

Mambo ya hapa ni mazuri. Nimehamishia viti nje vipate hewa.

Nimekukumbuka. Nilikuwa nataka kuliandika hilo mwanzoni, tuta likaniwahi.

Mumeo,
Fundi


Juu ya tuta, 26 Aprili

Fundi, Fundi, Fundi,

Nimemwaga. Nimekwenda na mvushaji hadi karibu na pengo la nyuma, akaniuliza namfulia nani, nikamwambia subiri. Buluu ikatanda pale, ikazunguka kidogo kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Nikasema basi, tumeshindwa, itapita pengoni. Ikageuka. Ikaanza kufuata mguu wa tuta taratibu kuja kwa Shangazi. Nikaruka kwenye boti nikamwambia mvushaji apige kasia kama anayefukuzwa.

Nimekaa upande wa bondeni, chai imepoa mkononi sijainywa. Hakuna kitu. Hakuna kitu. Kisha akatoka mbuzi mmoja kwenye kichaka, miguu ya buluu hadi magotini. Akatoka wa pili. Wakatoka wote, na nyuma yao maji ya buluu yakafunguka kwenye majani, mengi, yanakwenda zao bondeni kama yamekuwa yakipita njia hiyo tangu zamani.

Yule msimamizi alihesabu vibaya, na bado alijenga mahali ambapo nchi nzima inainamia. Hakuna mto kwa sababu kwenye kiangazi hakuna maji. Ila maji yakija yote kwa pamoja, yanataka kupita hapa na si kwingine. Waliochora mchoro walitazama kijito. Yeye hakutazama chochote, akapatia.

Mwenye mbuzi hakucheka hata kidogo. Aliwatazama, akanitazama, akaniuliza, "Utawafua lini?"

Nimemwandikia mhandisi wa njia. Mvushaji ameapa kuifikisha mkononi mwake. Ningependa ungekuwepo uone, kwa sababu nusu ya jambo hili ni lako na furaha yote nimeila peke yangu.

Mkeo,
Dereva


Nyumbani, 30 Aprili

Dereva,

Habari za mbuzi nimezipata na nimecheka hadi majirani wakanichungulia bandani.

Kisha dada yangu akaja na sahani ya chakula na maneno. Kantini wanasema barua yako ya ruhusa ilitoka zamani, kabla hujaniambia karakana hawajatoa neno. Wanasema ulitia sahihi kwamba umeisoma. Wanashangaa unakaa huko unafanya nini, na mimi nilikaa nikamsikiliza kama mgeni.

Kila jioni nimekuwa nakuhurumia. Kumbe huruma yote hiyo nilikuwa namtumia mtu ambaye hajafungwa na yeyote. Nilijiuliza kwa nini tuta halikuvunjika. Sasa najiuliza kwa nini mke wangu harudi nyumbani, na kwa hilo buluu haisaidii.

Fundi


Juu ya tuta, 4 Mei

Mume wangu,

Ni kweli. Ruhusa ilikuja, nikaisoma, nikakudanganya.

Ilikuwa mistari miwili. Wa kwanza unasema naweza kwenda nyumbani. Wa pili unasema injini ikibaki bila mtu itahesabiwa kuwa chuma chakavu. Siku nitakayoshuka mimi, siku hiyohiyo wanaruhusiwa kupanda wakataji. Sikukwambia kwa sababu ungekuja kunishusha, ungekuwa na haki, na mimi ningeshuka.

Usifikiri nampenda Shangazi kuliko wewe. Ila njia hii ikifungwa, Fundi, mimi ni nani? Mwanamke wa makamo anayejua kupandisha mlima mzigo wa nyumba nzima nyuma yake, na mlima haupo. Watanipa kiti ofisini nigonge mihuri. Nimeogopa hilo kuliko maji, na sikutaka uone nimeogopa, kwa sababu wewe ndiye unayewaambia watu mtaani kwamba mkeo haogopi kitu.

Mhandisi amejibu kwamba anakuja. Akiamini, tuta litajengwa kwa matundu, si kwa uzito, na gharama yake inalipika. Nivumilie hadi hapo. Niandikie, hata kama ni matusi. Nitayasoma kwa adabu.

Mkeo


Nyumbani, 20 Mei

Fundi,

Nimekaa mezani kwako. Wewe uko wapi?

Hukujibu barua yangu na moyo ukanikaa juu. Mhandisi alipokuja nilikuwa nimekonda kwa kusubiri barua kuliko kwa njaa. Ni kijana, anatembea na kiti chake cha kukunja. Alikuja na mashaka yake tayari. Alinieleza kwamba amepiga hesabu ya uzito mara tatu na mara zote imekataa, na alikuwa anaona haya kuwaambia wakubwa zake kwa kuwa hakuwa na jibu jingine la kuwapa. Tukamwaga buluu iliyobaki, yeye na mimi na mvushaji. Maji yalipotokea bondeni alikaa kwenye tope na suruali yake safi akasema, "Karavati la Makosa. Na mimi nilicheka darasani." Akaingia ndani ya tao kwa magoti, akatoka na furaha na kinyesi cha mbuzi. Alipoondoka aliniambia, "Mama, nenda nyumbani. Injini haikatwi, naandika amri leo."

Nikaamini. Nikapata nafasi kwenye kiberenge, nikaja bila kukuarifu, nikasema nitakukuta chini ya sinki nikuvute miguu. Nikakuta kufuli. Ufunguo uko kwa wifi. Anasema uliondoka Alhamisi na begi, ukasema unakwenda kuona tundu.

Basi nikafungua. Ngazi ya mlango, Fundi? Yalichungulia yakarudi? Mstari wa tope uko kifuani kwangu, ndani ya chumba chetu. Kitanda hakipo. Godoro halipo. Kabati limevimba milango haifungi. Nimeenda bandani nikaona unapolala, kwenye meza ya kukunjia mabomba, na gunia kichwani. Na uliniandikia kwamba viti viko nje vipate hewa. Nilikaa sakafuni nikalia, kisha nikacheka, kisha nikalia tena. Wifi alisimama mlangoni na sahani hajui aiweke wapi.

Sijui barua hii itakukuta wapi. Naituma kwa mvushaji, pengine anajua.

Mkeo,
Dereva


Kwa Shangazi, 20 Mei

Dereva wangu,

Nimefika kwa Shangazi, wewe hupo.

Barua yako niliipata. Niliisoma, nikaiweka, nikaisoma tena. Maneno ya kujibu yalikuwa mengi na yote yalikuwa na miguu, nikaona bora niyalete mwenyewe. Kiberenge hakipakii raia, kwa hiyo nikadandia lori linalozunguka nyuma ya milima, nije kwako kwa kupitia pengo la mbele. Bila shaka wewe ulikuwa unatokea la nyuma.

Kwenye lori nilikaa na wanaume watatu na mitungi yao ya gesi. Watu wazuri. Tukagawana mkate, nikawasimulia habari za buluu, wakacheka vizuri. Mwishoni, kwa heshima tu, nikawauliza wanakwenda kukata nini. Mkubwa wao akasema, "Treni moja kuukuu, imeachwa peke yake juu ya tuta." Nikauweka mkate chini. Nikasema moyoni, haiwezekani, mke wangu yumo. Tulipofika ukingoni nikaingia boti ya kwanza kabla ya mitungi. Nikapanda ngazi za Shangazi naita jina lako. Kibanda kitupu, blanketi limekunjwa.

Sikufikiri sana. Niliingia, nikafunga mlango kwa ndani, nikakaa kwenye kiti chako.

Mkubwa wao akaja chini ya dirisha. "Mzee, shuka."

"Sishuki."

"Wewe ni dereva?"

"Mume wa dereva."

"Karatasi inasema injini haina mtu."

"Karatasi iliandikwa sijafika."

Akavua kofia akajikuna. Ana haki, na nilimwonea huruma, maana siku nzima tulikuwa marafiki. Mwisho akawaambia wenzake, "Hatuwashi moto kwenye chuma chenye mtu ndani. Hiyo ndiyo sheria yetu, hata kama mtu mwenyewe ni fundi bomba." Wakamtuma mmoja arudi akaulize. Wawili waliobaki wamelala ndani ya behewa, jioni wanakuja tunacheza karata dirishani, wao nje mimi ndani. Leo yule wa tatu amerudi na amri ya mhandisi ya kusimamisha. Ilikuwa njiani muda wote huo, inasubiri sahihi ya huyu na yule. Ingefika kumsomea Shangazi akiwa vipande.

Kama ningekuwa na akili ya kukuandikia kabla ya kuja, ungenijibu usije, na mimi ningetii.

Nimelala humu. Nilikunja magoti hadi kidevuni, na nilipata muda wa kutafakari ile sentensi yako kwamba nafasi inatosha kujigeuza. Kwenye msumari kuna ile kofia yangu ya zamani niliyoitafuta mwaka mzima nikimlaumu dada yangu. Hasira yote niliyoipakia kwenye begi nimeshindwa kuona niitoe vipi. Nimeliona na karavati lako. Niliingiza mkono nikasikia maji yanavuta kwa nguvu, na juu yanaonekana yamelala.

Kuhusu nyumba, mvushaji amesema umekwenda huko, najua umeshaona. Ulikuwa peke yako juu ya maji, sikutaka ukae na mawazo ya godoro. Nilikosea. Niliogopa usije ukarudi kwa huzuni badala ya kurudi kwa hamu.

Wakataji wanauliza kama mbuzi huwa wanazaliwa hivyo.

Mumeo,
Fundi


Nyumbani, 25 Mei

Mume wangu,

Kaa hapo. Usishuke, na usiguse kitu chochote chenye rangi nyekundu. Ninakuja kwa kiberenge cha Jumatatu, na safari hii nimekuarifu.

Habari kubwa kwanza. Mhandisi amepita kantini. Njia inajengwa. Tuta jipya halitarefushwa, litapewa matao, na kwenye mchoro wake amelipa kila tao jina: Makosa la Pili, Makosa la Tatu, hivyohivyo hadi mwisho wa bonde. Wakubwa wamemuuliza maana yake, akawaambia ni neno la kitaalamu. Shangazi atavushwa kwa mvuke wake mwenyewe, ndivyo alivyosema, nikamkumbusha kwamba Shangazi anakula dizeli. Na nitakuwa mimi kwenye kiti.

Sasa la nyumbani. Nilikuwa sina la kufanya, nikakaa kuutazama ule mstari wa tope. Nikaenda kwa wifi kuomba chumvi, nikauona na wake. Kwake umeishia chini ya goti. Nyumba zimepakana, Fundi, mvua ni moja, udongo ni mmoja. Nikajiuliza kama ulivyonifundisha: maji ya hapa yalikwenda wapi? Yalikwenda uani kwetu, yakafika kwenye ukuta wa nyuma, ule uliojenga kwa mikono yako mwenyewe ukawaita majirani waje kuuona. Ni mzuri. Ni mzito. Hauna hata tundu la kupitisha panya. Uliyafungia maji ndani ya nyumba yako, wewe unayeshinda chini ya masinki ya watu ukiwafundisha. Kweli mganga hajigangi.

Nimechukua nyundo na tindo yako bandani. Nimetoboa chini kabisa, upana wa kichwa cha mbuzi. Nilianza kwa hasira, maana kila pigo nilikuwa nakumbuka ile meza ya mabomba. Nilipofika katikati hasira ikaisha, nikaendelea kwa sababu nilitaka kuona. Jana ilinyesha kutwa. Maji yalijaa uani hadi kwenye ngazi ya mlango. Yakachungulia, Fundi. Yakarudi. Sasa sentensi yako ni ya kweli.

Mstari wa tope sijaufuta. Nataka unieleze mwenyewe ukiwa umesimama mbele yake, nami nitakueleza ile barua ya ruhusa nikiwa nimekaa juu ya Shangazi. Tusifichane tena mambo ya maji wala ya woga. Nimechoka na kuhurumiana kwa habari zisizo za kweli.

Kuna jambo moja umalizane nalo ukirudi. Nilikuwa na paketi moja ya buluu mfukoni, nikataka kuhakikisha tundu linavuta. Linavuta sana. Bata wote wa wifi ni wa buluu, na tangu asubuhi anauliza mtaa mzima ni nani. Nimemwambia amwandikie mdogo wake.

Mkeo,
Dereva